Deraya hai katika ombwe: shujaa wako ataishi muda gani nje ya chombo?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Naandika hadithi ya katuni. Shujaa wangu ana deraya hai, yaani kiumbe kilichomwotea mwilini, kigumu kama gamba la kambakoche, kinachojiponya kikichanika na kinachoshirikiana naye damu. Katika sura ya tano anatupwa nje ya kituo cha anga, kilomita 400 juu ya dunia, na bado inabidi apigane. Naomba ukweli: ataishi? Kama ataishi, ni kwa muda gani, na kitu gani kitamuua kwanza?"

Marahaba. Anaweza kuishi, na anaweza kupigana, kwa dakika chache au kwa saa kadhaa kulingana na utakavyoijenga hiyo deraya. Ila ugumu wa gamba, ambao naona umeutegemea sana, ndio utakaomsaidia kidogo kuliko yote. Ombwe halipigi wala halikati. Ni kukosekana tu kwa hewa ambayo hutubana tangu tunazaliwa. Na ukishaziba kasoro zote nitakazozitaja, kitakachomuua kwanza ni joto lake mwenyewe. Waandishi wengi humgandisha shujaa papo hapo kama barafu, na hapo ndipo hadithi nyingi huharibika.

Tuanze na mwili mtupu, ili ujue deraya inapambana na nini. Usawa wa bahari hewa hutubana kwa kilopaskali 101. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, mgandamizo huo umebaki karibu nusu, na maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Ukifika kilomita 19 juu, mgandamizo ni kilopaskali 6.3 tu na maji huchemka kwenye nyuzi 37, yaani joto la mwili. Damu iliyo ndani ya mishipa haichemki, kwa kuwa mishipa yenyewe huibana. Lakini unyevu wa ulimi, wa macho na wa mapafu huchemka, na maji ya nyama hugeuka mvuke, mwili ukavimba.

Tarehe 14 Desemba 1966, mjini Houston, Jim LeBlanc alikuwa akijaribu vazi la anga ndani ya chumba cha ombwe, bomba la hewa likachomoka. Alibaki na fahamu sekunde 14 hivi. Kitu cha mwisho alichokikumbuka ni mate yakitokota ulimini. Chumba kilirudishiwa hewa haraka, naye akapona. Muda huo mfupi una sababu: damu ikipita kwenye mapafu yasiyo na hewa haichukui oksijeni, bali inaitoa hata ile iliyokuwa nayo, na damu hiyo tupu hufika kwenye ubongo baada ya sekunde kama 10. Mbwa waliofanyiwa majaribio miaka ya 1960 walipona kama walirudishwa kwenye hewa kabla ya sekunde 90. Kufikia dakika mbili, wengi walikufa. Wanaanga watatu wa Soyuz 11, chombo cha Kisovieti, Dobrovolski, Volkov na Patsayev, walifariki tarehe 30 Juni 1971 baada ya vali kufunguka chombo kikiwa kilomita 168 juu. Hawakuwa wamevaa mavazi ya mgandamizo.

Kwa hiyo picha yako ya kwanza, sekunde anayotupwa nje, mchore mdomo wazi akitoa pumzi. Akiibana, hewa iliyo ndani itatanuka na kuyapasua mapafu. Mpiga mbizi yeyote analijua hilo: humpata mtu anayepumua kwa mtungi akapanda juu ya maji huku ameshikilia pumzi.

Sasa deraya. Kazi yake ya kwanza ni kumbana. Mavazi ya anga ya Marekani hujazwa oksijeni tupu ya kilopaskali 29.6, na ya Urusi karibu kilopaskali 40. Chukua 30. Maana yake ni kwamba kila eneo la ukubwa wa kiganja, sentimita 10 kwa 10, linahitaji kubanwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 30, mwili mzima, mchana na usiku, bila kuacha nafasi.

Gamba gumu lenye hewa ndani linaweza kufanya hivyo, lakini likishajaa hewa halikunjiki. Jaribu kukunja tyubu ya baiskeli iliyojazwa vizuri. Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo, tarehe 18 Machi 1965, alikaa nje dakika 12 tu, na vazi lake lilitanuka hadi vidole vikatoka kwenye nafasi zake ndani ya glavu. Ilibidi apunguze hewa ya vazi ili aweze kuingia ndani. Shujaa wa gamba lililojaa hewa hatapigana. Atasimama kama puto lenye miguu.

Njia bora, na hapa kiumbe hai kinashinda kiwanda, ni kumbana bila hewa: tabaka lililoshika ngozi moja kwa moja. Paul Webb alilifanyia kazi wazo hili Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa nguo za kuvutika, na baadaye Dava Newman wa chuo cha MIT, hukohuko Marekani, akaliendeleza. Twiga analo tayari. Ngozi ya miguu yake imekaza sana, ndiyo maana damu haimjai miguuni ingawa mgandamizo wa damu yake ni kama mara mbili ya wetu.

Je, misuli ya deraya inatosha? Paja lenye nusu-kipenyo cha sentimita 9 linahitaji mvuto wa nyutoni 2,700 kwa kila mita ya urefu. Misuli ya kawaida ikikaza kwa nguvu zake zote huzalisha kama kilopaskali 300, hivyo unahitaji unene wa milimita 9. Inawezekana, ila misuli inayokaza bila kupumzika huchoka baada ya dakika chache na hutoa joto jingi. Mpe misuli ya chaza. Aliyewahi kujaribu kumfungua chaza kwa kidole anajua: misuli yake hujifunga katika hali ya kukaza na kubaki hivyo kwa saa nyingi, ikitumia nishati kidogo mno.

Penye tabu ni mashimo ya mwili: kwapani, kinenani, nyuma ya goti, katikati ya kiganja na mfereji wa uti wa mgongo. Kitu kinachobana kwa kuzunguka huruka juu ya shimo na kuliacha wazi, na hapo nyama huvimba na kuwa nyeusi kwa damu. Jaza sehemu hizo vifuko vya mafuta laini, kama kisigino kilivyo. Kifua nacho kina sharti lake: kibanwe kwa mgandamizo uleule anaoupumua. Akipumua oksijeni ya kilopaskali 30 huku mbavu zikibanwa kwa 20, atashindwa kutoa pumzi na damu itakimbilia miguuni. Kwa hiyo weka mfuko wa hewa kati ya kifua na gamba, uunganishe na hewa ya usoni, upande na kushuka pamoja na pumzi.

Kubana huku kuna faida moja kubwa kwa hadithi yako. Joe Kittinger alipopanda kwa puto hadi zaidi ya mita 31,000 tarehe 16 Agosti 1960, glavu ya kulia ilipoteza hewa. Mkono ulivimba karibu mara mbili na kuuma vibaya, lakini alifika juu, akaruka, na baada ya kutua mkono ukarudi hali yake. Ndivyo itakavyokuwa kwa shujaa wako. Deraya ikichanika pajani atavimba na kuumia, ila hatapoteza pumzi. Tundu la kumwogopesha ni la usoni. Tundu la milimita moja ya mraba, kwa mgandamizo wa kilopaskali 30, hutoa nje lita 3 hivi za oksijeni kila dakika, zaidi ya anayoitumia mtu anayepigana kwa nguvu zake zote. Kama deraya inajiponya, iseme inaziba usoni kwanza, na utoe idadi ya sekunde.

Macho yafunike kwa gamba linaloona. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu ambalo hutoka pamoja na ngozi anapojivua. Mfano huo ni mzuri kuliko kioo cha kofia, mradi gamba lizuie mwanga wa urujuanimno wa jua, ambao huko juu haujachujwa na hewa yoyote.

Pumzi. Mtu aliyetulia hutumia lita 0.25 za oksijeni kwa dakika. Anayepigana hutumia 2.5. Wengi husema "deraya imehifadhi oksijeni kwenye misuli kama nyangumi". Hesabu inakataa. Misuli ya nyangumi wapigao mbizi ndefu ina gramu kama 60 za myoglobini, protini inayoshika oksijeni, kwa kilo, na kila gramu hushika mililita 1.34. Kilo 20 za deraya zitashika lita 1.6. Akitulia ni dakika 6. Akipigana haifiki hata dakika moja. Wengine husema deraya ni ya kijani na hujitengenezea oksijeni kwa jua kama majani. Upande wake unaotazama jua, mita 0.7 za mraba, hupokea wati 950 hivi. Usanisinuru mzuri sana ukitumia asilimia 5 ya hizo ni wati 48, wakati mwili uliotulia tu unahitaji kama 100. Ni nusu ya pumzi ya mtu aliyelala.

Ninachokushauri ni haidrojeni peroksaidi. Si uchawi: yuko mbawakawa anayeihifadhi tumboni na kuilipua ikiwa moto kumfukuza adui. Kimeng'enya kikiigusa, huvunjika kuwa maji na oksijeni. Kilo 2 zikiwa safi hutoa kilo 0.94 za oksijeni, karibu lita 660. Hizo ni saa 4 na zaidi za mapigano, au zaidi ya siku nzima akitulia. Hatari yake iko wazi: kifuko kikipasuka ndani, joto na oksijeni vitamuunguza. Kiweke mgongoni, nje ya tabaka linalobana.

Hewa anayoitoa ndiyo husahaulika, nayo huua mapema. Ukichukua kofia yenye nafasi ya lita 8, hewa ukaa ya mtu aliyetulia huongeza karibu kilopaskali 2.5 kila dakika. Ikifika 7 au 8 kichwa kinamgonga, anahema, anachanganyikiwa, kisha anazimia, ingawa oksijeni bado ipo tele. Kuitoa nje ovyo ni kupoteza oksijeni pamoja nayo, kwa hiyo inabidi ishikwe.

Hapa tumia chokaa. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zimeshikwa na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Chokaa iliyozimwa hukauka kwa kunywa hewa ukaa polepole na kugeuka tena jiwe. Mashine za usingizi hospitalini hutumia mchanganyiko wa chokaa kusafisha pumzi ya mgonjwa, kwa kanuni hiyohiyo. Kilo moja hushika kilo 0.59 za hewa ukaa. Kilo 2 zitamtosha kama saa 4 na nusu za kupigana, sawasawa na peroksaidi yake. Na kwa kuwa kinachobaki ni kitu kilekile ambacho chaza hujengea gamba, deraya yake itazidi kuwa nene na nzito kadiri anavyopumua. Mchoraji wako ana cha kuonyesha hapo: mabamba meupe yakiota shingoni na mabegani kadiri pambano linavyoendelea. Chokaa hiyo ni kali, itachoma nyama, hivyo nayo ikae kwenye mifuko yenye ukuta wa gamba. Na asiweze kuirudisha ilivyokuwa, maana kuichoma upya kunahitaji moto wa nyuzi 900 hivi. Akirudi chomboni, ajivue mabamba na ale upya madini ya kutosha.

Sasa joto. Fikiria chupa ya chai. Chai hukaa moto kwa sababu kati ya kuta mbili kuna ombwe, na ombwe halichukui joto kwa kugusana. Joto hutoka kwa mnururisho tu, kama joto la jua linavyotufikia. Shujaa wako yumo ndani ya chupa ya chai. Ngozi ya nyuzi 33 inayonururisha vizuri, ya eneo la mita 1.8 za mraba, ikiwa kivulini mbali na kila kitu hupoteza wati 900 hivi. Mwili mkubwa wa kilo 80 utapoa nyuzi moja kila dakika 6. Huko si kuganda papo hapo.

Akipigana, hesabu hugeuka. Mwili wake hutoa wati 830. Peroksaidi inayovunjika huongeza 370, na chokaa inayoshika hewa ukaa huongeza 180. Jumla ni karibu wati 1,400, sawa na pasi ya umeme iliyowashwa moja kwa moja ndani ya nguo zake. Kama gamba ni jeusi na linang'aa kama chuma cha pikipiki, upande wa jua utaongeza wati nyingine 900. Hata bila jua, joto hilo lisipopata njia ya kutoka, mwili hupanda nyuzi moja kila dakika 3 na sekunde 20. Kutoka 37 hadi 41 ni dakika 13. Kwanza atakosea shabaha, kisha atasahau alichokuja kufanya, kisha ataanguka.

Dawa ni mbili, na zote zitumike pamoja. Kwanza, mfanye mweupe. Mavazi ya anga ni meupe kwa sababu rangi nyeupe nzuri hufyonza sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua huku ikinururisha joto la mwili karibu sawa na nyeusi. Kama unataka rangi ibadilike, mpe ngozi ya pweza: nyeupe anapopigana, na yenye kung'aa kama fedha anapojificha kivulini ili asipoteze joto. Pili, atoe jasho nje ya deraya. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba juli milioni 2.4. Vazi la Marekani hupooza hivyohivyo, likigandisha maji kwenye kibamba chenye vitundu na kuyaacha yageuke mvuke. Hutumia karibu kilo 4 kwa safari moja ya nje. Shujaa mweupe aliye upande wa usiku, dunia ikimrudishia joto kiasi, bado atahitaji kama kilo 1 ya maji kwa kila saa ya pambano. Peroksaidi na chokaa zitampa theluthi hivi ya maji hayo. Mengine ayabebe: weka kilo 3.

Jasho hilo lisiingie usoni kabisa. Tarehe 16 Julai 2013, Luca Parmitano wa Italia alikuwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, vitundu vya kifaa cha kutenganisha maji na hewa vikaziba ndani ya vazi, na maji ya kupoozea yakaanza kuingia kwenye kofia. Pasipo uzito maji hayadondoki. Hutambaa yakiwa yameshikamana na ngozi: kutoka kisogoni, masikioni, hadi yakamfunika macho na pua. Ikabidi arudi mlangoni kwa kupapasa kamba yake. Yalikuwa zaidi ya lita moja. Ukitaka hatari isiyotoka kwa adui, itumie hiyo: jeraha shingoni, kifereji cha jasho kimekatika, na maji yanapanda usoni taratibu huku mikono yake imeshikwa.

Kuna jambo la nitrojeni ambalo msomaji makini atakuuliza. Akitoka ghafla kwenye hewa ya kilopaskali 101 na kubaki na 30, nitrojeni iliyoyeyuka mwilini itatoa mapovu kwenye maungio, kama inavyowapata wapiga mbizi. Wanaanga hupumua kwanza oksijeni tupu, au hulala kwenye chumba cha kilopaskali 70 usiku kucha. Wewe mfanye awe amelala hivyo kabla ya shambulio, au mpe maumivu ya goti na bega yanayoanza baada ya muda.

Dubu-maji, wale wadudu wasioonekana kwa jicho ambao kila mtu huwataja, wasikudanganye. Mwaka 2007 walipelekwa kwenye chombo Foton-M3, wakakaa siku 10 katika ombwe, na wengi walifufuka. Lakini walikuwa wamekauka, hawali, hawatembei, kama mbegu ya mahindi ghalani. Waliopigwa na urujuanimno wote wa jua walipona wachache sana. Cha kujifunza kwa ajili ya deraya ni kutoka kwa bakteria waitwao Deinococcus, waliowekwa nje ya Kituo cha Anga miaka 3: wa juu walikufa, na mizoga yao ikawakinga wa chini. Kwa hiyo tabaka la nje kabisa liwe limekufa, kama kucha, lenye nta ya kuzuia maji yasitoke, na kilicho hai kianze milimita kadhaa ndani.

Mionzi haitamsumbua kwa saa chache za kilomita 400. Ukimpeleka njia ya Mars, kipimo cha mionzi huwa kama milisivati 1.8 kwa siku, na dhoruba kubwa ya jua inaweza kuzidi hapo mara nyingi; sentimita 3 za gamba hazitoshi. Kipande cha gramu moja kinachokuja kwa kilomita 10 kwa sekunde kina juli 50,000, kama risasi 25 za bunduki ya kivita kwa pamoja. Gamba moja nene litavunjika upande wa ndani na kumtoboa kwa vipande vyake. Magamba mawili yaliyoachana sentimita chache ni bora: la kwanza hukisaga kipande, la pili hupokea vumbi.

Mwisho, mwendo. Hawezi kuogelea huko, na kila ngumi atakayotupa itamrudisha nyuma yeye pia. Bila kamba, njia aliyonayo ni kutupa kitu, na bahati nzuri ana mabamba ya chokaa aliyoyaotesha kwa pumzi yake. Akiwa na kilo 100, akitupa bamba la kilo 1 kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, atasogea upande wa pili kwa sentimita 10 kila sekunde. Mlango ukiwa mita 30, atafika baada ya dakika 5, na ajitupe sawasawa na kitovu cha uzito wake, la sivyo atakwenda huku anabiringika na mlango utampita mgongoni.